Miaka Minane ya Kufundisha Tsunami Vibaya

Kwa miaka minane nilifundisha kwamba tsunami husababishwa na tetemeko kubwa la ardhi chini ya bahari. Nilikuwa nachora ubaoni mstari wa maji, chini yake nyota ndogo ya kuonyesha kitovu, kisha mishale miwili mitatu ikikimbilia nchi kavu. Wanafunzi walinakili, wakajibu hivyo kwenye mtihani, wakapata alama zao. Ukiniuliza leo kama niliwadanganya nitasema hapana, sentensi ile ina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba inamshibisha msikilizaji mapema mno. Haimwachii hamu ya kuuliza: hilo tetemeko linayafanyia nini maji?

Somo lenyewe nilianza kulipenda baada ya tarehe 26 Desemba 2004. Kabla ya hapo tsunami ilikuwa nusu ukurasa wa kitabu cha jiografia, neno la Kijapani tulilolitafsiri harakaharaka (tsu ni bandari, nami ni wimbi) na kulipita. Siku ile watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi 14 za Bahari ya Hindi, na shule zilipofunguliwa hakuna mwanafunzi aliyetaka kusikia habari za mito na mabonde. Nikajisomea. Nikajua kwamba tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 9.1, na kwamba ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita kama 1,300, kuanzia karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, kuelekea kaskazini hadi visiwa vya Andaman. Takwimu hizo nilizitaja kwa madaha, utadhani nilizipima mwenyewe. Na bila kujijua nikajitungia kanuni: ukisikia tetemeko la 8 na ushee, na limetokea baharini, basi tsunami kubwa iko njiani.

Kanuni hiyo iliniumbua tarehe 11 Aprili 2012.

Nilikuwa nimekaa na redio. Habari zikakatizwa: tetemeko lenye ukubwa wa 8.6, baharini, magharibi mwa Sumatra. Tahadhari imetolewa kwa nchi za Bahari ya Hindi. Moyo ulinidunda, lakini nakiri kwamba ndani ya woga ule palikuwa na kajisifa kidogo, kwa kuwa hatimaye nilikuwa najua jambo kabla ya wengine. Nikashika simu nikaanza kuwaandikia watu wote niliowafahamu waliokuwa wakiishi karibu na ufuo, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani. Sikuandika "huenda ikaja" wala "sikilizeni maelekezo." Niliandika "Tsunami kubwa inakuja." Saa mbili baadaye likapiga la pili, la 8.2, eneo lilelile. Nikaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa.

Haikuja. Kwa usahihi zaidi, ilikuja ndogo mno: mahali maji yalipopanda zaidi kwenye vipimo yalipanda kama mita moja tu, na kwingineko yalikuwa sentimita za kuhesabu. Baada ya saa kadhaa tahadhari ikaondolewa. Wanaotoa tahadhari hawakukosea hata kidogo, kwa sababu dakika za mwanzo hakuna anayejua ardhi imesogea vipi, na anayesubiri kujua ndiye anayefikiwa na maji. Aliyekosea ni mimi niliyesema "inakuja" kana kwamba nimeiona.

Jioni ile ujumbe ulifika kutoka kwa mmoja wa wale vijana. "Shikamoo mwalimu. Ulitufundisha tetemeko kubwa baharini ni tsunami kubwa. Hili lilikuwa kubwa. Tsunami iko wapi?" Hakuwa ananikejeli, namfahamu. Alikuwa anauliza. Na mimi, mwenye shahada na chaki, sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baada ya wiki mbili za kusoma, na lilinifanya nione haya kwa jinsi lilivyo jepesi. Mwaka 2004 bamba moja la gamba la dunia lilikuwa likizama polepole chini ya jingine, kama lilivyofanya kwa karne nyingi. Yanapokutana, mabamba hayo hushikana kwa msuguano. Lile la chini likiendelea kuzama linaivuta ncha ya lile la juu, ncha inapinda kuelekea chini, inapinda, inapinda, mwaka hadi mwaka. Siku msuguano unaposhindwa, ncha inaruka kurudi juu. Ni kama rula ya plastiki uliyoikandamiza ukingoni mwa meza kisha ukaiachia. Sakafu ya bahari inanyanyuka mita kadhaa kwa mara moja, kwenye eneo refu la mamia ya kilomita, na maji yote yaliyo juu yake hayana pa kwenda ila kunyanyuka nayo. Pale juu ya bahari panatokea kilima cha maji. Uzito wa kilima hicho unakishusha, na kushuka kwake ndiko kunakosukuma wimbi pande zote.

Tetemeko la 2012 halikutokea pale mabamba yanapopandana. Lilitokea ndani ya bamba lenyewe, mbali upande wa bahari kuu, na pande mbili za ufa zilipishana kwa ubavu, huyu kulia, huyu kushoto, kama viganja viwili vinavyosuguana. Nguvu ilikuwa kubwa ya kutisha. Lakini sakafu haikupanda wala kushuka kwa kiasi cha maana, kwa hiyo maji ya juu yake hayakunyanyuliwa.

Kwa maneno mengine, maji hayajali kutikiswa. Yanajali kuhamishwa.

Sikuamini mpaka nilipojaribu. Nilichukua beseni pana, nikaweka vibao viwili vya plastiki chini, nikajaza maji. Kwanza nikavisogeza vibao kwa ubavu, kwa nguvu zangu zote. Maji yakatetemeka, yakaweka mikunjo midogo juu, yakatulia. Kisha nikakinyanyua kibao kimoja ghafla, unene wa kidole tu. Kilima kikatokea katikati, kikakimbia hadi ukingoni, kikaruka nje na kuniloanisha viatu. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tangu siku hiyo beseni ndilo linaloingia darasani kabla ya chaki, na wa safu ya mbele wanajua kurudi nyuma hatua moja.

Katika kusoma kule nilikutana pia na kisa kinachoigeuza kanuni yangu kwa upande wa pili, nacho kilinisumbua kuliko kile cha 2012. Mwaka 1896, katika pwani ya Sanriku huko Japani, watu walihisi mtikisiko mdogo jioni, wa aina ambayo walikuwa wameizoea. Haukuangusha nyumba. Kama nusu saa baadaye bahari ikaingia na kuua watu wapatao 22,000. Ufa ule ulipasuka taratibu kuliko kawaida, kwa hiyo ardhi haikutikisika sana, lakini sakafu ya bahari ilihama vilevile. Mtu aliyekuwa akipima hatari kwa jinsi miguu yake ilivyoyumba hakuwa na sababu ya kukimbia. Nilipowasomea wanafunzi kisa hicho darasa lilikaa kimya, nami nikaona ni afadhali kimya kile kuliko mishale yangu ya zamani.

Kuna jambo jingine nililokuwa nalifundisha kama sheria: kwamba kabla ya tsunami bahari hupwa. Beseni liliniambia vingine. Upande mmoja wa sakafu unapopanda, mara nyingi sehemu ya nyuma yake inashuka. Basi upande mmoja unapokea kilima kwanza, na upande wa pili unapokea bonde kwanza. Mwaka 2004 nchini Thailand maji yalirudi nyuma na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, na baadhi ya watu wakashuka kwenda kutazama. Sri Lanka, iliyokuwa upande wa pili wa ufa, iliona maji yakipanda moja kwa moja. Bahari ikipwa ghafla, kimbia, hilo halina mjadala. Lakini aliyefundishwa kungoja ipwe kwanza anaweza kungoja ishara ambayo kwake haitakuja, na mimi nilishawafundisha wengi kungoja.

Sehemu ambayo wanafunzi hawaiamini kabisa ni ile ya wimbi likiwa bahari kuu. Wimbi la upepo hucheza juujuu. Ukizama mita mia mbili hutalihisi tena. Tsunami ni safu yote ya maji, kutoka juu hadi sakafuni, ikisogea kwa pamoja, na kasi yake inategemea kina. Penye kina cha mita 4,000 inakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo unaokaribia ule wa ndege ya abiria. Penye kina cha mita 10 inakwenda kilomita kama 36 kwa saa. Na kimo? Setilaiti ya Jason-1 ilipita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili baada ya tetemeko la 2004 na kupima kimo cha wimbi: sentimita 60 hivi. Mvuvi aliyekuwa katikati ya bahari asingejua kuwa chochote kimepita chini ya chombo chake. Likifika kwenye maji mafupi, sehemu ya mbele inapunguza mwendo huku ya nyuma ikiendelea kuja, maji yanarundikana, kimo kinapanda. Ndiyo maana Wajapani wakaliita wimbi la bandari: wavuvi walikuwa hawalioni huko nje, wakirudi wanakuta bandari imeharibika.

Basi nikawa na fundisho jipya, na kama ilivyo desturi yangu nikalikumbatia kupita kiasi. Ubaoni nikaandika: sakafu ipande au ishuke. Haukupita muda binti mmoja, mkimya, akanyoosha mkono. Kama shida ni kuhamisha maji tu, alisema, kwani lazima tetemeko? Jiwe likiporomoka kwenye beseni je?

Nikalitafuta jiwe. Na nikaingia kwenye ulimwengu wa maporomoko, ambao laiti ningekuwa na muda ningeufundisha muhula mzima.

Mfano wanaoupenda wanafunzi ni Ghuba ya Lituya, Alaska, tarehe 9 Julai 1958. Tetemeko lilipiga, kweli, lakini halikuwa lenyewe lililoinua maji. Lilibandua ubavu wa mlima, mawe ya takriban mita za ujazo milioni 30 yakadondoka kwa mkupuo kwenye ncha ya ghuba nyembamba. Maji yaliruka upande wa pili na kukwangua miti kwenye mteremko hadi kimo cha mita 524. Hakuna kimo kikubwa kuliko hicho kilichowahi kurekodiwa. Ndani ya ghuba mlikuwa na mashua tatu. Moja ilipotea na watu wake wawili. Nje, kwenye bahari kuu, wimbi lilififia upesi. Poromoko linasukuma maji mahali padogo, kwa hiyo nguvu yake hutawanyika haraka. Tetemeko linainua mstari mrefu, na mstari mrefu husafiri mbali. Lile la Chile la tarehe 22 Mei 1960, lenye ukubwa wa 9.5, liliua watu 61 mjini Hilo, Hawaii, saa 15 baadaye, kisha likaendelea hadi Japani, karibu siku nzima tangu lilipoanza.

Lakini mimi binafsi kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1929, kwa sababu shahidi wake ni nyaya. Tarehe 18 Novemba, kusini mwa Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo, tetemeko la 7.2 lilifuatwa na tsunami iliyoua watu 28. Ukubwa wa 7.2 haukutosha kueleza wimbi lile. Sasa, sakafuni mwa bahari hapo zilikuwa zimelazwa nyaya za telegrafu kati ya Amerika na Ulaya, na kumi na mbili kati ya hizo zilikatika. Zilizokuwa karibu na kitovu zilikatika papo hapo. Nyingine, za mbali zaidi na kwenye kina zaidi, zilikatika moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kwa muda wa zaidi ya saa 13, kana kwamba kuna mtu anatembea chini ya maji na mkasi. Ofisi za telegrafu zilikuwa na saa kamili ya kila mkatiko, na bado mambo yakabaki fumbo kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwaka 1952 wanasayansi Bruce Heezen na Maurice Ewing walipozisoma saa zile upya. Tetemeko lilikuwa limebomoa mteremko wa sakafu ya bahari, na tope lake likashuka kilindini kama mto, likikata kila waya lililoufikia. Poromoko hilohilo ndilo lililozaa wimbi. Poromoko la chini ya maji halionekani na mtu yeyote. Mwaka 1998, Papua New Guinea, tetemeko la 7.0 lilifuatwa na mawimbi ya hadi mita 15 yaliyoua zaidi ya watu 2,000, na hapo pia uchunguzi wa sakafu ulionyesha kwamba ardhi ilikuwa imeporomoka.

Volkeno niliziingiza darasani kwa urahisi, kwa sababu Krakatau ya Indonesia, ya Agosti 1883, inajulikana: zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi wao kwa maji wala si kwa moto. Ila nilichokuwa sikijui ni kwamba volkeno inaweza kuua kwa maji hata bila mlipuko wa ajabu. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau, mlima uliochipuka palepale pa yule wa zamani, uliporomokea baharini. Zaidi ya watu 400 walikufa. Hapakuwa na tetemeko kubwa la kuwaamsha watu, na mitambo iliyotegeshwa kusubiri tetemeko haikuwa na cha kusubiri.

Vimondo nilivitaja kwa sentensi moja. Kile cha miaka milioni 66 iliyopita, kilichoangukia eneo la Yucatán, Meksiko, kilizaa tsunami, hilo lina ushahidi. Lakini darasa likishasikia habari za dinosaria hulirudishi tena.

Kufikia hapo nilijiona nimemaliza. Sakafu ipande, mteremko uporomoke, volkeno ibomoke, kitu kiangukie majini. Kila mara ni kitu kigumu kinachosukuma maji. Hata nilipotunga mtihani niliweka swali la kuchagua: kipi kati ya hivi hakiwezi kusababisha tsunami? Jibu langu lilikuwa "mabadiliko ya hewa." Karibu wote walipata. Yule binti wa jiwe la kwenye beseni alichagua jibu jingine, na nikamwekea mkasi mwekundu wa kosa bila kufikiri.

Tarehe 15 Januari 2022 volkeno ya Hunga Tonga ililipuka katika Pasifiki ya kusini. Mlipuko ulisukuma maji pale karibu, hilo nililitegemea. Lakini ulisukuma pia hewa, na wimbi la mgandamizo wa hewa likaizunguka dunia mara kadhaa. Vipimo vya bandari vikaonyesha bahari ikipanda na kushuka mapema kuliko wimbi la majini lingeweza kufika. Hata katika Karibiani na Mediterania, bahari ambazo wimbi kutoka Tonga lingelazimika kuzunguka mabara kuzifikia, maji yalichezacheza hewa ilipopita juu yake. Hewa ndiyo iliyokuwa inasukuma.

Nilipofuatilia nikakuta watu wa visiwa vya Baleares, Hispania, wanajua jambo la namna hii bila volkeno yoyote, na wana neno lake: rissaga. Hali ya hewa ikibadilika ghafla, mgandamizo ukaruka kidogo tu, bahari chini yake hupanda sentimita chache. Sentimita chache si kitu. Lakini badiliko hilo la hewa likisafiri kwa kasi ileile ambayo wimbi linakwenda kwenye kina kile, linaendelea kulisukuma njia nzima, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Kisha wimbi linaingia kwenye bandari nyembamba na kupanda zaidi. Mnamo Juni 2006 bandari ya Ciutadella, kisiwani Menorca, ilikaukiwa kwa dakika chache na maji yakarudi kwa kishindo. Mashua nyingi zikavunjika. Hapakuwa na tetemeko, wala poromoko, wala jiwe. Wanasayansi huita tsunami ya hali ya hewa, na wapo wasiopenda kuiita tsunami kabisa, ila mmiliki wa mashua sidhani kama alijali jina.

Nilikaa na karatasi za zamani usiku mmoja nikizitafuta, maana huwa situpi kitu. Nikalikuta swali langu, na mkasi wangu mwekundu. Namba ya yule binti nilikuwa nayo bado. Siku hizi ni mtu mzima na ana kazi yake. Nikamwandikia maelezo marefu: Hunga Tonga, mgandamizo wa hewa, Menorca, na kwamba jibu lililowekwa kama sahihi lilikuwa langu na lilikuwa kosa, na kwamba yeye alistahili pongezi kwa kuona mbali kuliko mwalimu wake.

Alijibu baada ya siku mbili. "Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana. Ila sikuona mbali, nilibahatisha, muda ulikuwa umeisha." Kisha ujumbe wa pili ukafuata: "Lakini alama yangu naidai."